Jeki ipi inafaa kwa gari-nyumba, na ibebwe vipi?

Msafiri Mpya

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Nimenunua gari-nyumba lililokwisha kutumika, ambalo likipakiwa kikamilifu hufikia tani 5, na ekseli yake ya nyuma ina matairi mapacha kila upande. Spea ipo na spana ya nati ipo, lakini jeki haipo, wala kitabu cha gari sikupewa. Muuzaji alinihakikishia kwamba miguu ya kusawazisha iliyofungwa chini ya gari inatosha kuinua tairi lolote, ila kauli hiyo imenitia shaka. Je, ninunue jeki ya tani ngapi, na niihifadhi wapi? Mke wangu naye huendesha, kwa hiyo natafuta kifaa ambacho sote wawili tutaweza kukitumia kwa usalama.

Fundi wa Malori

Ndugu, shaka yako ina msingi. Miguu ile imewekwa ili gari litulie wakati mmelala ndani, na ingawa mingine ina nguvu ya kunyanyua magurudumu kutoka ardhini, ni mirefu na haikuundwa kustahimili msukumo wa pembeni, hivyo gari likisogea kidogo tu mguu unaweza kupinda na gari likashuka ghafla. Usibadilishe tairi juu yake.

Kuhusu tani, usianze na uzito wa gari zima. Lipeleke kwenye mizani likiwa na maji, mafuta, mizigo na abiria, upime kila ekseli peke yake, kisha ugawanye kwa mbili. Tuseme ekseli ya nyuma ina kilo 3,400: upande mmoja hubeba takriban kilo 1,700, au zaidi kidogo ikiwa tangi la maji na jiko viko upande huo. Jeki ya chupa (ile ya haidroliki yenye umbo la chupa, ambayo pistoni yake hupanda ukiipampu) ya tani 5 au 6 inaumudu mzigo huo bila kujikaza.

Wengi hukosea hapa kwa kununua jeki ya tani 20 wakiamini kwamba nguvu nyingi ndiyo usalama. Jeki kubwa huwa ndefu hata pistoni ikiwa imeshuka yote, na tairi likishaisha upepo ekseli hushuka, jeki ikakosa mahali pa kuingia. Kwa hiyo pima kimo kutoka ardhini hadi sehemu ya kuinulia, halafu upime kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa rimu. Pancha ikiwa kamili, rimu hukaribia kugusa chini na kubaki juu ya unene wa mpira uliobanwa tu, kwa hiyo toa karibu kipimo chote hicho cha pili. Kinachobaki ndicho kimo unachopaswa kukijua kabla ya kuingia dukani. Kumbuka pia kwamba spea iliyojaa upepo inahitaji nafasi kubwa kuliko tairi lililolala, na jeki fupi yenye pistoni mbili zinazochomozana hutatua yote mawili.

Dereva wa Masafa

Naongezea jambo ambalo nusura linigharimu mguu. Katika baadhi ya magari makubwa, breki ya mkono haishiki magurudumu bali hushika shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliacha lizunguke, na breki inakuwa kama haipo. Langu lilianza kubiringika nikiwa nimechuchumaa pembeni yake, mahali palipoonekana tambarare kabisa. Tangu siku hiyo sigusi jeki kabla ya kuweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, na siingizi mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Nati zilegezwe kidogo tairi likiwa bado limekanyaga ardhi. Kwa ajili ya mkeo, nunueni spana yenye mkono mrefu, kwa sababu kazi ngumu iko kwenye nati, si kwenye kupampu jeki.

Mama Safari

Kuhusu kuihifadhi: jeki ya chupa ibebwe wima, valvu yake ikiwa imefungwa na jeki yenyewe ikiwa imekazwa kwa mkanda, kwa kuwa ikilala muda mrefu inaweza kuvuja mafuta na kuingiza hewa, nayo ikapampika bila kuinua kitu. Mafuta yakipungua ongeza ya haidroliki, kamwe si ya breki, ambayo huharibu sili zake, yaani mipira inayozuia mafuta kuvuja. Iwekeni kwenye kabati linalofunguka kutoka nje, pamoja na kabari na ubao mgumu mpana wa kuweka chini ya jeki penye mchanga au lami iliyolainika kwa jua. Ubao huo ukae chini ya jeki, usiwekwe juu ya kichwa chake, maana huko huteleza.

Msafiri Mpya

Nawashukuru nyote. Nimepima leo: sehemu ya kuinulia ya mbele iko sentimita 27 kutoka ardhini, na rimu iko sentimita 11. Nikiacha sentimita 2 za mpira, zinabaki 18, wakati jeki niliyokuwa nimeichagua ina urefu wa sentimita 24. Nitatafuta fupi yenye pistoni mbili, na tutaijaribu hapa nyumbani, mke wangu akitangulia, kabla ya safari ya kwanza.