Acheni kuchanganya reli ya Barghash na reli ya Bububu!

Asalaam alaykum wanajukwaa. Hili limenifika kooni. Kila ikipandishwa picha ya gari la moshi la Unguja, maelezo chini yake ni yale yale: "treni ya Sultani iliyokuwa ikienda Bububu." Treni hiyo haikuwapo! Reli zilikuwa mbili, na zinatofautiana miaka, upana, hata upande wa mji.

Ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ilijengwa 1879, upana futi 2, kutoka kasri yake mjini hadi Chukwani, kusini. Mwanzo mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza kichwa cha treni cha mvuke kwa kiwanda cha Bagnall, Uingereza, chenye magurudumu manne tu. Alipofariki 1888, reli na kichwa vikaishia chuma chakavu. Wakati huo reli ya Mombasa haijawekewa hata taruma moja (kipande cha kulalia pau za reli), ilianza 1896.

Ya Bububu ilikwenda kaskazini, na aliyeijenga si Sultani. Ni kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co. Walianza 1904, wakamaliza 1905: maili 7 kutoka Ngome Kongwe, upana inchi 36. Serikali ikainunua 1911. Abiria waliachishwa 1922, ikabaki kubeba mawe ya kujazia bahari kwa ajili ya bandari. Zile kadi za posta zinazoonesha gari likipita kwenye kichochoro, karibu ya milango ya watu, ni za reli hii. Barghash alikuwa ameshakufa zamani.

Linaloudhi kuliko yote ni hadithi wanayowapa wageni baadhi ya papasi (vijana wanaojitolea kuwatembeza watalii), kwamba jina Bububu limetokana na mlio wa treni. Jamani! Bibi Salme, dada yake Barghash, aliishi Bububu na akaitaja kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886, miaka 19 kabla ya gari kufika huko. Mji ulikuwa na jina lake, treni ndiyo iliyoufuata.

Haya, na wanaookota vyuma na kutangaza "nimepata reli ya Sultani", tafadhalini pimeni kwanza. Kama pau mbili bado zimekaa pamoja, upana hupimwa ndani hadi ndani, kwenye kichwa cha reli (sehemu ya juu inayokanyagwa na magurudumu), si katikati hadi katikati wala nje hadi nje. Futi 2 ni sm 61. Inchi 36 ni sm 91.4. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kichwa cha reli nyepesi kina upana wa kama sm 4 hadi 5, kwa hiyo ukipima nje hadi nje reli ya Bububu itakupa karibu mita moja, na mtu atasimama aape kuwa ni chuma kilicholetwa kutoka bara, ambako reli za zamani ni za upana wa mita moja. Tundu za misumari kwenye taruma zinadanganya zaidi, maana misumari ilipigwa pande zote mbili za kitako cha reli, na mbao ikioza tundu hupanuka.

Ukiwa na kipande kimoja tu, upana sahau. Angalia kiuno cha reli, ule ubavu mwembamba, kwani viwanda vingi vilichapa hapo jina na mwaka. Usigonge kutu kwa nyundo wala usimwagie asidi, chuma kilichokaa na chumvi ya bahari hubanduka magamba na maandishi yakaondoka nayo. Piga brashi laini, pakaza chaki, kisha mulika tochi kwa ubavu. Mwaka ukiwa baada ya 1888, ya Barghash haiwezi kuwa. Ukiwa kabla ya hapo bado si ushahidi, reli kuukuu ziliuzwa na kutumika tena. Pima pia uzito: kilo za kipande cha mita 1, zidisha kwa 2, utapata kwa makadirio paundi kwa yadi, ndivyo Waingereza na Wamarekani walivyotaja ukubwa wa reli.

Kwa picha, hesabu magurudumu ya kichwa cha treni. Yakizidi manne, futa jina la Barghash. Yakiwa manne, usikimbilie kuliandika.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na bado watu wanaandika uongo huu kwenye vibao vya kuwasomea wageni! Mwenye kuona kibao au maelezo ya namna hiyo, apige picha, aandike kilipo na maneno yaliyokosewa, aweke hapa hapa.