Nimeamka kiganja kimelegea, siwezi hata kugeuza chapati. Nianzie wapi?

Mpishi wa Malaba
Ndugu zangu, naomba ushauri. Naandika kwa mkono wa kushoto, mnivumilie makosa.

Nauza rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, jirani na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Jumapili asubuhi niliamka nikakuta kiganja cha kulia kimekufa. Bega liko sawa, kiwiko nakunja na kukunjua, ila nikinyoosha mkono mbele, kiganja kinaning'inia kama kitambaa kilicholowa. Vidole vinakunjika lakini havinyooki. Maumivu hakuna. Jumatatu nikafungua kibanda kwa ubishi, mafuta yakarukia nyuma ya kiganja, pale kati ya gumba na kidole cha shahada. Lengelenge nililiona kwa macho, moto wenyewe sikuusikia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu, na kuna mzee anataka mbuzi na shilingi 200,000. Duka la dawa wanasema mishipa imekosa vitamini, nichomwe sindano tano. Mbuzi ninaye mmoja tu. Nina miaka 34.

Dereva wa Masafa
Pole sana ssebo. Mjomba wangu alianza hivyohivyo, kumbe kiharusi. Nenda hospitali leo, mbuzi mwache ale majani.

Nesi wa Zamu
Pole kaka. Nijibu haya kwanza. Mdomo umepinda? Maneno yanatoka vizuri? Mguu wa kulia una nguvu? Halafu mwambie mkeo akushikilie kifundo cha mkono kiwe kimenyooka, ndipo ufumbe ngumi. Inakaza zaidi au ni vilevile?
Na usinifiche: Jumamosi usiku ulilala wapi, umekaaje?

Mpishi wa Malaba
Mdomo sawa, maneno sawa, mguu sawa. Ngumi ni kweli dada, akinishikilia inakaza! Nimeshangaa.
Nililala kwenye kiti cha mbao nje ya kibanda, mkono nimeupitisha nyuma ya egemeo.

Nesi wa Zamu
Na kabla ya usingizi?

Mpishi wa Malaba
Waragi kidogo. Haya, si kidogo. Mke wangu asione uzi huu.

Nesi wa Zamu
Basi mzee wa mbuzi atafute mteja mwingine. Kuna neva inaitwa radiali, inazunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, imelala karibu kabisa na mfupa. Egemeo la kiti likikandamiza pale kwa saa nyingi, neva inabanwa katikati ya mbao na mfupa. Mtu asiyelewa husikia ganzi, akageuka. Wewe waragi ilikunyima hilo. Neva hiyo ndiyo inayoinua kiganja na kunyoosha vidole, na ndiyo inayoleta habari za ngozi ya pale ulipoungua.
Lakini mimi sijakuona. Mara chache kiharusi kidogo huja kwa sura hiyohiyo, kwa hiyo nenda upimwe, presha na sukari pia.

Mwalimu wa Baiolojia
Niongezee hapo, maana watu husikia neva wakadhani ni mshipa wa damu.

Seli ya neva, yaani niuroni, ina kiwiliwili chenye matawi ya kupokea habari, na mkia mmoja mrefu wa kupeleka, unaoitwa aksoni. Ndugu Mpishi, seli zinazoinua kiganja chako zina viwiliwili ndani ya uti wa mgongo, usawa wa shingo, ila mikia yake inateremka hadi chini ya kiwiko. Seli moja, urefu wa karibu mkono mzima! Neva ni maelfu ya mikia hiyo iliyofungwa pamoja kama tita la kuni.

Sasa chukua muwa. Kila pingili ifunge kwa utando wa mafuta, kwenye vifundo acha wazi. Utando huo ni mailini. Pale kwenye vifundo kuna vilango vidogo: natiri, yaani sodiamu, inaingia, umeme unazuka, potasiamu inatoka, panatulia. Ishara inaruka kifundo hadi kifundo. Ikifika mwisho haivuki yenyewe kwenda kwenye msuli, inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye uwazi mwembamba, na msuli unajikaza.

Kwako ubongo unaagiza vizuri na msuli uko tayari kutii. Mailini ndiyo imepondeka pale pingili chache zilipokandamizwa, ishara inaishia njiani.

Dereva wa Masafa
Mwalimu, hiyo ishara inakwenda mbio gani?

Mwalimu wa Baiolojia
Kwenye neva za misuli ya mkono, mita 50 na zaidi kwa sekunde. Piga hesabu, ni kilomita 180 kwa saa. Lori lako halifikii hata likishuka mlima.

Mama Wawili
Kaka, hizo sindano nakuomba uzikatae. Mtoto wa dada yangu alikuwa na homa, akachomwa takoni kwenye kliniki fulani, sindano ikagusa neva kubwa ya mguu. Hadi leo anaburuza unyayo.

Nesi wa Zamu
Mama Wawili kasema kweli, tunawaona. Vitamini zina mahali pake: anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu hupewa B6 ili neva zisiharibike. Neva iliyobanwa na kiti haihitaji hiyo.

Nenda hospitali ya Tororo au Mbale, uliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Watakupa banzi la kushikilia kiganja kisining'inie, na kila siku uvinyooshe vidole kwa mkono mwingine visikakamae. Ikiwa iliyoumia ni mailini tu, nguvu hurudi kwa wiki au miezi michache. Aksoni yenyewe ikikatika, huota upya kama milimita moja kwa siku, hiyo ni safari ndefu. Na kaa mbali na kikaango, ngozi hiyo haitakuonya.

Mpishi wa Malaba
Wiki ya sita sasa. Daktari alisema ni neva, presha na sukari ziko sawa. Banzi nimelivaa, limejaa unga. Mdogo wangu anageuza chapati, mimi napiga mayai kwa kushoto.
Wiki iliyopita kiganja kiliinuka kidogo, kama kichwa cha mjusi. Jana niligeuza chapati moja nzima, ya pili ikaanguka kwenye makaa. Gumba bado halinyooki.
Kile kiti nimekipasua, kimeivisha chapati za asubuhi. Mke wangu alisoma uzi wote.

Dereva wa Masafa
Ijumaa napita hapo. Niwekee mbili, mayai manne. Soda nitanunua mimi.