Nina laki 4 na nusu, nichukue maunteni baiki gani?

dogo_ngaramtoni:
Wakuu habari za jioni. Nataka maunteni baiki, asubuhi niende nayo kazini Arusha mjini na jumapili nizurure na wenzangu msitu wa Olmotonyi. Dukani nimeoneshwa mpya ya Kichina, shokapu mbele na nyuma, diski mbili, gia 21, laki 4 na inang'aa balaa. Jamaa mwingine ana mtumba wa Japani, haina shokapu nyuma, rangi imechubuka, anataka 350. Moyo uko kwa mpya ila fundi wa mtaani ananicheka tu. Mimi futi 5 inchi 7.

mzee_wa_pedali:
Ana haki ya kucheka 😂 shokapu ya nyuma kwa bei hiyo ni mzigo tu mdogo wangu, jioni unarudi Ngaramtoni ni mlima, kila ukikanyaga inabonyea, nguvu inaishia kwenye springi, halafu bushi zikilegea inaanza kulia kama kitanda cha gesti. Chukua mtumba ila usinunue kwa macho. Inua gurudumu ulizungushe uone kama rimu inayumba, litikise kushoto kulia ujue beringi, pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, ukikuta ufa hata kama unywele kimbia, alumini haichomelewi na hawa wetu wa mageti.

dada_gia:
Uliza na saizi ya tairi jamani. Ya inchi 26 tyubu unapata hadi kwa Mangi, 29 utaisaka mji mzima. Simama katikati ya baiskeli nyayo chini, lile bomba la juu lisikuguse, we fremu ya inchi 17 hivi itakufaa. Na breki za mafuta achana nazo kwa bajeti hiyo. Mi nilikuwa na za Shimano, zile zinataka mineral oil, fundi mmoja akanitilia brekfluidi ya gari, sili za mpira za ndani zikavimba, nikaishiwa breki nikiwa nateremka, nimesimamishwa na mgomba 🙄

dogo_ngaramtoni:
Pole dada lakini nimecheka. Mtumba ina V breki, zile za mpira zinazobana rimu, na tairi 26. Kule dukani nikiuliza saizi ya fremu wananijibu "ni ya watu wazima".

mzee_wa_pedali:
V breki safi, ukiisha ule mpira unabadilisha mwenyewe. Angalia tu za Japani breki ya mbele iko mkono wa kulia, usije ukaibana ghafla kwenye mteremko. Hela inayobaki usile: helmeti, pampu, viraka na soluchoni, kufuli. Ile barabara ya Nairobi malori hayana huruma.

dogo_ngaramtoni:
Mrejesho: nimeenda na fundi, kakuta spoki mbili za nyuma zimekatika na rimu inayumba, muuzaji kashuka hadi 320. Nimebeba. Fundi anainyoosha rimu kesho, jumapili Olmotonyi nani anakuja?

dada_gia:
Nipo, ila saa 1 asubuhi kamili, sisubiri mtu.