Mchumba yuko Uingereza, anasema aliachana na mkewe. Tuhakikishe vipi kabla ya ndoa?

Binti_Pongwe

Wakuu, salaam. Naulizia kwa ajili ya mdogo wangu wa kike. Mchumba wake ni mzaliwa wa Tanga, sasa raia wa Uingereza, anaishi Leicester. Posa imeletwa, wazee wamepokea. Mpango ni binti aende kwa viza ya uchumba wakafunge ndoa kule. Bwana anasema alioa hukohuko mwaka 2012, wakaachana. Ametuma picha mbili kwa WhatsApp: karatasi ya mahakama iliyoandikwa Decree Nisi, na hati ya kiapo aliyoapa Dar kwamba hana mke. Zinatosha? Na kama aliwahi kufunga nikaha huku nyumbani, itaonekana wapi? Sitaki kumvunjia mtu heshima, ila sitaki pia mdogo wangu afike akamkute mwenye nyumba.

Karani_Mstaafu

Dada, hazitoshi. Na hiyo ya kwanza ndiyo ya kuitazama kwa makini zaidi.

Decree Nisi si talaka. Hapo mahakama imesema tu kwamba haioni sababu ya kuizuia talaka. Ndoa yenyewe bado ipo. Inavunjika siku inapotoka karatasi ya pili, Decree Absolute, na hiyo haiji yenyewe. Lazima iombwe, na mwombaji hawezi kuiomba kabla ya wiki 6 na siku 1 kupita. Hapa ndipo watu wengi hukwama: bado wanagombania nyumba, au hakuna aliyejishughulisha kuomba. Miaka inapita mtu anajiita ameachika, kumbe kisheria ni mume wa mtu.

Tangu tarehe 6 Aprili 2022 majina yamebadilika kwa kesi mpya: Nisi imekuwa Conditional Order, Absolute imekuwa Final Order. Kwa utaratibu huu mpya, kutoka kesi kufunguliwa hadi kuomba ile ya kwanza ni wiki 20, halafu zile 6. Akikuambia kesi ilifunguliwa Januari na Aprili kila kitu kilikwisha, hesabu hiyo haiwezekani.

Ombeni nakala ya ukurasa mzima, siyo picha iliyokatwa pembe. Someni namba ya kesi, jina la mahakama, majina ya wote wawili, tarehe na mahali ndoa ilipofungwa, tarehe talaka ilipokamilika, na muhuri. Tarehe ya ndoa ikiwa tofauti na aliyowatajia, ulizeni. Huenda hiyo ni talaka ya ndoa nyingine kabisa.

Akisema imepotea, isiwe shida. Akiwa na namba ya kesi, mahakama iliyotoa talaka itampa nakala. Asipokuwa nayo, kuna fomu D440 inayopelekwa Central Family Court, London. Pale hupekuliwa faharasa ya talaka zote zilizokamilika Uingereza na Wales, na malipo huhesabiwa kwa kila kipindi cha miaka 10. Mtu yeyote anaweza kuomba upekuzi huo, hata wewe ukiwa Pongwe, bila idhini ya bwana.

Cheti cha ndoa ya 2012 nacho agizeni General Register Office, ofisi kuu ya usajili ya kule. Ni kumbukumbu za wazi tangu mwaka 1837. Kikija, nendeni moja kwa moja kwenye safu ya Condition, inayosema kila mmoja alikuwa nani siku ile. Kwa bwana ikiandikwa Previous marriage dissolved, yaani ndoa ya awali ilivunjwa, basi huyo wa 2012 hakuwa mke wa kwanza, na kuna talaka nyingine ya kuitafuta. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina daftari zao mbali, hazimo humo.

Wakili_Ngamiani

Naongeza upande wa nyumbani, kwa sababu daftari la Uingereza halina habari ya ndoa iliyofungwa Tanga.

Kwanza hiyo hati ya kiapo. Kamishna wa Viapo anathibitisha jambo moja tu: kwamba fulani alifika mbele yake, akaapa, akasaini. Hakupekua daftari lolote. Barua ya serikali ya mtaa ina nguvu kidogo, lakini mara nyingi mtendaji huandika alichoambiwa na mwombaji, hasa kwa mtu aliyehama miaka 15 iliyopita. Kwa kila karatasi mtakayoletewa, ulizeni: aliyeandika alijuaje?

RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanatunza daftari la ndoa na talaka za Tanzania Bara. Ombeni upekuzi kwa majina yake yote, pamoja na jina alilotumia kabla ya kuchukua uraia. Watu wengi hugeuza la babu kuwa la ukoo wakiwa kule, na upekuzi wa jina moja hauambulii kitu. Na RITA wakisema hawaoni ndoa, msipumue bado. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 41, inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu haikusajiliwa. Ndoa ya msikitini ambayo cheti hakikuwahi kupelekwa kwa msajili ni ndoa halali.

Kwa hiyo mzee mmoja wa familia aende mtaani kwao kwa miguu yake. Amwone imamu wa msikiti wa mtaa na aombe kitabu cha ndoa kifunguliwe, amwone mwenyekiti wa mtaa, awaone majirani wa nyumba ya wazazi. Zamani posa haikujibiwa kabla ya hilo kufanyika, na sioni kwa nini iwe tofauti kwa sababu mchumba yuko ng'ambo. Kwa Wakatoliki kuna njia nzuri zaidi: mwombeni cheti cha ubatizo kilichotolewa upya na parokia alikobatizwa, kisichozidi miezi 6. Ndoa ya kanisani huandikwa pembeni ya jina lake kwenye daftari la ubatizo, hata ikifungwa jimbo jingine. Cheti cha zamani alichohifadhi mama yake hakina habari hiyo.

Akikiri kuwa alioa huku na alitoa talaka, ombeni ya mahakama. Bara, shauri hupita kwanza Baraza la Usuluhishi, kisha mahakama hutoa tuzo ya talaka. Karatasi ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, peke yake haimalizi. Na talaka iliyotamkwa kwa simu kutoka Leicester haitambuliwi Uingereza, kwa kuwa sheria yao ya 1986 inataka talaka inayotolewa ndani ya nchi yao itoke mahakamani. Zanzibar ni mlango mwingine, Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki kule. Waislamu nendeni Mahakama ya Kadhi.

Binti_Pongwe

Nashukuru sana, kaka zangu. Sasa, msajili wa kule hatachunguza kabla ya kuwafungisha? Na je, kama ana mke wa nikaha hukohuko Uingereza?

Mkalimani_Midlands

Msajili huangalia karatasi, hapigi simu Tanga. Wachumba huenda pamoja kutoa notisi ya ndoa, kila mmoja akiwa ameishi kwenye wilaya ya usajili ya kule siku 7 kamili, hata kama wilaya zao ni tofauti. Notisi hubandikwa siku 28, na kwa mgeni asiye na viza ya uchumba, Uhamiaji wanaweza kurefusha hadi 70. Hali ya ndoa ya kila mmoja imeandikwa pale. Kusema uongo ni jinai, na kuoa ukiwa na mke ni kifungo hadi miaka 7. Lakini anayeumia mapema ni binti: ndoa hiyo ni batili tangu siku ya kwanza, na haki ya kubaki nchini kama mke haipo.

Nikaha ya kule ndiyo ngumu kuliko zote. Ikifungwa msikitini tu bila utaratibu wa kiserikali, mahakama ya rufaa ilishasema mwaka 2020 kwamba kisheria hiyo si ndoa. Bwana anaweza kuwa na mke na watoto watatu sebuleni, na kila daftari likasoma kwamba hana mke. Ulizeni msikiti anaosali, na mpigieni video jioni, saa ambayo watoto wametoka shule.

Kuhusu heshima, semeni viza. Fomu ya viza ya uchumba inauliza ndoa zilizopita na inataka ushahidi kwamba zilikwisha. Hizo karatasi atazihitaji tu. Nyinyi mnaziomba miezi michache mapema.

Fundi_Köln

Kwa mwenye mchumba Ujerumani: kila mkazi ameandikishwa kwa manispaa, na aombe erweiterte Meldebescheinigung, cheti cha ukazi chenye maelezo ya ziada, kinachotaja hali ya ndoa. Kinaonyesha kile tu kilichoripotiwa, nikaha ya Mombasa haimo. Hukumu ya talaka iwe na mhuri wa Rechtskraft, yaani hukumu imekuwa ya mwisho, pamoja na tarehe. Bila huo, ni hadithi ileile ya Decree Nisi.

Karani_Mstaafu

Dada, anzeni na D440 wiki hii, ndiyo itakayochukua muda. Mwandikeni jina kama lilivyo kwenye hiyo Nisi, herufi kwa herufi.