Naombeni ushauri, simulizi yangu imeisha arosto

Wakuu habari zenu, nimekwama. Naandika simulizi narusha kwenye grupu la WhatsApp, nipo sehemu ya 14, mwanzoni watu walikuwa wanagombana kabisa shusha nyingine tunakufa na arosto, sasa hivi naweka sehemu nzima napata laiki tatu na moja ni ya shemeji yangu.

Stori ni ya dada wa kazi kule Tanga, kaficha simu ya marehemu bosi wake ndani ya ndoo ya unga, mle kuna meseji zinazoonyesha nani alimuua. Sehemu ya 9 nikamtaja muuaji, mdogo wake marehemu, nikajua hapo ndo moto utawaka, kumbe ndo nikaumwagia maji.

Jana nikajaribu kivingine. Muuaji anaingia jikoni anasema leo nina hamu ya chapati nakanda mwenyewe, anakunja mikono ya shati anaisogelea ndoo, binti kasimama na mwiko mkononi. Nikakata hapo. Kuna mtu kanifuata inboksi saa sita usiku ananitukana, nilifurahi sijui nisemeje!

Sasa sehemu ya 15 aione simu au asiione? Akiiona naogopa stori inaishia hapo, asipoiona watasema nawachezea (hata mimi hiyo tabia inaniudhi nikisoma za wengine). Na ile sehemu ya 9 niifute niiandike upya au nisonge nayo tu? Wazoefu njooni, kesho jioni natakiwa nishushe.