Naomba ushauri: nimwelezeje mwanafunzi wa S5 (kidato cha tano) mchapuko wa penduli, yaani jinsi kasi yake inavyobadilika?

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbale, Uganda, namsaidia mdogo wangu fizikia. Yuko S5, anasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), na tumekwama kwenye mwendo sahili wa haramoniki, ule wa kwenda na kurudi kama wa penduli.

Fomula anazo kichwani: mchapuko ni a = −ω²x, kasi ni v = ω√(A² − x²), ambapo x ni umbali kutoka katikati, A ni umbali mkubwa kabisa, na ω ni 2π ukigawa kwa muda wa kwenda na kurudi mara moja. Hesabu anapata vizuri. Tulifunga jiwe kwenye uzi wa mita 1, likawa linakwenda na kurudi kwa takriban sekunde 2, hivyo ω ni kama 3.14. Ukilivuta sentimita 5 kando na kuliachia, kasi kubwa kabisa iko katikati, kama 0.16 m/s, mchapuko mkubwa uko pembeni kabisa, kama 0.49 m/s².

Hapo ndipo anaponigomea. "Kaka, pale jiwe limesimama, mchapuko unatoka wapi?" Namwambia kasi ni sifuri kwa nukta ile tu, ila uzito bado unalivuta kurudi katikati. Anaitikia kwa adabu, lakini usoni naona hajaridhika. Swali lake ni zuri mno, sitaki akariri tu kwa ajili ya mtihani wa UNEB (baraza la mitihani la Uganda).

Walimu mlioko humu, huwa mnaanzia wapi? Naona kama grafu tatu, ya umbali, ya kasi na ya mchapuko, moja chini ya nyingine, zingemfaa, au bora nianze na mwendo wa duara? Na ile alama ya kutoa kwenye fomula ya mchapuko mnaielezaje mpaka mtu aielewe? Kalkulasi bado inamsumbua, kwa hiyo nitashukuru nikipata njia isiyopitia huko.