Mdogo wangu anakula sana usiku halafu anatapika, nimsaidieje?

dadamkubwa: Habarini ndugu zangu, naombeni ushauri. Mdogo wangu wa chuo yupo kwangu likizo, mezani anadonoa wali kidogo anasema nimeshiba, asubuhi nakuta sufuria jeupe hata ukoko kakwangua, mkate mzima umeisha, na usiku bomba la bafuni linamwagika muda mrefu. Hajakonda ila mashavu yamevimba huku chini ya masikio. Mama anasema vidonda vya tumbo, shangazi akahisi mimba, tukapima hamna. Nikimuuliza analia tu. Hii ni nini jamani, inatibika?

nesi_wa_zamu: Pole sana dada. Siwezi kumpima mtu kwa simu ila inafanana sana na bulimia. Ni ugonjwa wa akili kabisa, sio uroho wala majini, mtu anajinyima mchana kutwa, njaa na mawazo vinamzidi, anakula kingi kwa siri na hawezi kujizuia, halafu hofu ya kunenepa na aibu vinamfanya atapike au anywe dawa za kuharisha, kesho anajinyima tena. Wengi wana uzito wa kawaida ndo maana familia haishtuki. Hayo mashavu ni tezi za mate. Kinachonitisha mimi ni potasiamu, madini ya mwilini yanayopungua kwa kutapika, ikishuka mapigo ya moyo yanavurugika na mtu anaweza kufa, kwahiyo apimwe damu na ECG (kipimo cha moyo) mapema. Akizimia, akitapika damu au akiongelea kujiua mpeleke emajensi saa hiyo hiyo. Na akitapika asipige mswaki papo hapo, asukutue na maji kwanza, asidi inakuwa imelainisha meno.

nimepita_huko: Inatibika dada, mi nimepona. Hata Princess Diana alikuwa nayo, aliisema mwenyewe BBC mwaka 1995. Kwangu ilikuwa tiba ya mazungumzo ile CBT, mwanasaikolojia alianza na ratiba ya kula tu, chai, mchana, usiku na kitafunwa katikati, nikaona ananinenepesha kumbe kujinyima ndo kulikuwa kunaleta ule ulaji wa usiku. Daktari akaongeza fluoksetini, dawa ya sonona inayosaidia pia bulimia, hiyo usiende kununua mwenyewe duka la dawa. Kuna wiki nilirudia kutapika na bado nikaendelea na tiba. Halafu tafadhali ongea na ndugu, zile salamu za "eeh umenenepa" ziishe hapo nyumbani, zinaumiza mno.

dadamkubwa: Asanteni mpaka machozi. Sasa naanzaje kuongea naye?

nimepita_huko: Mkiwa wawili tu, mama asiwepo, na sio wakati wa kula. Usitaje sufuria wala mkate, mwambie nimeona huna raha na naogopa afya yako, twende wote hospitali. Akikataa usigombe, mrudie baada ya siku kadhaa. Na usimfungie jiko.

nesi_wa_zamu: Kama mpo Dar, Muhimbili wana idara ya afya ya akili, mkoani anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwambieni daktari wazi kwamba anatapika, msiseme tumbo linauma, mtarudishwa na dawa za vidonda.